Karata za Peke Yako

Mwanangu Nasra,

Amani ya Mungu iwe nawe hapo ulipo, kwa shangazi yako Raskazone, unapopakuliwa biriani la kuagwa, na iwe nawe kesho, na katika kila maji yatakayokubeba baada ya kesho.

Nimebaki nyumbani kwa kisingizio cha sare za watu ambazo hazijaisha. Uongo. Cherehani nimeifunika tangu alasiri. Nimebaki kwa sababu naogopa, na mimi nikiogopa uso wangu hausitiri kitu. Shangazi yako angeniona akaanza kulia, wewe ungeanza kuniliwaza, na usiku wako wa mwisho ungekwisha kwa kunibembeleza mimi. Nimeandika "usiku wa mwisho" nikalikata, kisha nikaliandika tena. Nina maana wa mwisho kabla ya safari. Unaiona hali yangu.

Ya nguo za baridi na dawa ya kichefuchefu sitayagusa, mmeshayamaliza wewe na mama yako mdogo. Na ya meli huko sina la kukufundisha. Umesoma injini, mimi nimesoma pindo na kola. Nataka kukufundisha mchezo wa karata.

Juzi nilipokupangia karata juu ya meza ya kukatia vitambaa, ulicheka. Ukasema, "Mama, hii si ipo kwenye simu? Kila mtu anaijua." Nikacheka na mimi nikazikusanya. Lakini kwenye simu inapangwa na simu, ukikwama simu inakuonyesha pa kwenda, ukikosea inakurudisha nyuma kama hukukosea. Mimi huo siujui. Ninaoujua mimi nilifundishwa na mwanamke wa Pemba tukiwa tumevaa barakoa, nikiwa na hofu ya kufa na kukuacha hujaanza hata chekechea. Huo ndio nitakaokuandikia, na yaliyonipata nikiucheza.

Unajua kwamba niliugua kifua. Hilo umelisikia tangu utotoni, na umezoea kukaa upande wangu wa kulia kwa kuwa sikio la kushoto liliondoka na sindano za tiba ile. Usichokijua ni jinsi ilivyokuwa, kwa sababu sikuwahi kukaa nikakusimulia. Kila nilipotaka kuanza, niliikimbilia cherehani.

Baba yako, Mungu amrehemu, alitutoka hujaanza kutambaa. Nilipoanza kukohoa nikanywa dawa, nikapata nafuu, kikohozi kikarudi. Nikanywa tena, kikarudi na damu. Daktari akaniita peke yangu akaniambia kifua changu ni kile sugu, dawa za kawaida hazikiwezi, kwamba lazima niende hospitali ya mbali huko milimani nikakae miezi mingi, na kwamba nisilale chumba kimoja na mtoto tena, hata usiku ule. Nilikupeleka Pangani kwa bibi yako, ng'ambo ya mto, Bweni. Ulikuwa umelala begani kwa mama yako mdogo. Sikukuaga. Niliogopa ukiamka utanikimbilia.

Huko milimani kulikuwa na baridi ambayo sisi watu wa pwani hatuijui. Dirisha halifungwi, upepo ndio sehemu ya tiba. Asubuhi sindano, kisha vidonge vya kujaza kiganja, kisha kutapika. Usiku nilikuwa nasikia wenzangu wakikohoa vyumba vya pili, nikawazoea mmoja mmoja kwa vikohozi vyao. Ikitokea usiku mmoja kikohozi fulani kimenyamaza, nilikaa kitandani nimekumbatia magoti mpaka alfajiri, nikisubiri kusikia kitanda kikisukumwa. Wakati mwingine kilisukumwa kweli.

Chumba cha jirani alikuwa Bi Zuwena. Mkulima wa karafuu wa Pemba, mwembamba kama uzi, lakini sauti yake ilijaza baraza zima. Kila asubuhi baada ya sindano alitoka na kijimeza chake, akakaa juani, akapanga karata. Peke yake. Mimi nilikua nikiambiwa karata ni mambo ya wahuni wa vijiweni, na mwanamke mtu mzima kuzishika sikuwahi kuona. Siku moja alinikuta nalia kwenye ukuta wa baraza.

"Weye mwana, unalilia nini?"

"Nina mtoto, Bi Zuwena."

"Mie nnao sita. Njoo ukae kitako. Pale mbali kidogo, usinikoholee."

Nikakaa. Akaniuliza kama najua kucheza. Nikamwambia sijui, na kwetu ni haramu. Akasema haramu ni kamari, ni kula mali ya mtu. "Hapa n'tamla nani? Nimo peke yangu."

Basi tazama, Nasra, chukua karata zako ufuate.

Zichange vizuri. Panga safu saba mbele yako, kutoka kushoto kwenda kulia. Safu ya kwanza karata moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, hivyo hivyo mpaka ya saba iwe na saba. Katika kila safu karata ya juu kabisa ndiyo inayolala chali, uione uso. Zilizo chini yake zote ziko kifudifudi. Zinazobaki mkononi ni akiba yako, ziweke pembeni kifudifudi.

Sasa rangi. Kopa na uru ni nyekundu, shupaza na pau ni nyeusi. Katika safu unashuka, na unapishanisha rangi. Juu ya kumi nyeusi unaweka tisa nyekundu, juu ya tisa nyekundu unaweka nane nyeusi. Malkia anakaa juu ya mfalme, ghulamu juu ya malkia, mradi rangi zisifanane. Unaweza kuhamisha mlolongo mzima kwa pamoja ukipata pa kuutua. Kila ukiondoa karata ya chali, ile iliyofunikwa chini yake inageuzwa, nayo inaingia mchezoni. Safu ikiisha kabisa pakabaki wazi, pale haketi mtu yeyote isipokuwa mfalme.

Ree, yaani karata ya moja, ikitokea, ipandishe upande wa juu wa meza, ianzishe fungu lake. Juu ya ree ya kopa unaweka mbili ya kopa, kisha tatu, unapanda mpaka mfalme. Kila ua, yaani kopa, uru, shupaza na pau, lina fungu lake, jumla manne. Ukikwama kwenye safu, unafunua akiba, moja moja, uone kama ina pa kukaa. Mafungu manne yakitimia yote, umefunga. Akiba ikizunguka na hakuna kinachosogea, umekwama, na hapo hakuna hila.

Hiyo ndiyo sheria yote. Bi Zuwena alinifundisha asubuhi moja tu. Lakini alinipiga mkono mara nyingi, maana nilikuwa nainua ncha ya karata iliyofunikwa nichungulie. "Iache! Zamu yake haijafika." Nikamwambia naangalia tu. "Ukishaijua ilo chini, hutocheza tena, utakuwa unaifukuzia hiyo hiyo."

Nilinunuliwa karata zangu na muuguzi aliyekuwa akishuka mjini. Nikawa nacheza chumbani. Mwanzoni zilinisaidia. Macho yanatafuta nane nyeusi, basi kwa muda huo huhesabu pumzi zako. Kisha nikaziharibu mwenyewe.

Sijui siku gani nilianza. Nadhani ni asubuhi mojawapo nilipokohoa damu tena baada ya wiki kadhaa safi. Nilipanga karata nikasema moyoni, zikifunga nitapona. Zikafunga. Nilifurahi kama niliyepewa cheti na daktari. Kesho yake nikauliza tena. Nikauliza kama dawa zinafanya kazi. Nikauliza kama yule mwenye kikohozi kikavu atafika Ijumaa. Halafu nikaanza kuuliza kuhusu wewe. Zikifunga, Nasra amekula. Zikifunga, Nasra hana homa. Nilikuwa siwezi kumeza vidonge kabla sijapanga, na zikikataa nilipanga tena mpaka zikubali, nikiwa nimelowa jasho katika baridi ile. Nilijua ni upuuzi. Nataka ulijue hilo, nilijua. Kujua hakukusaidia kitu.

Wiki moja simu ya bibi yako ikawa haipatikani. Siku ya kwanza nikasema chaji. Ya pili nikasema mtandao. Kisha nikapanga karata nikauliza kwa sauti, Nasra yu hai? Zikakwama. Nikapanga tena. Zikakwama. Nikapanga mara ya tatu kwa pupa kiasi kwamba karata zilianguka sakafuni, nikaziokota nikazipanga, nikachungulia, mfalme wa shupaza amekaa juu ya ree na hakuna popote pa kumpeleka. Sikuwa na shaka tena. Nilikuona, mwanangu. Nilikuona umefunikwa shuka.

Asubuhi yake wengine walipokuwa barazani, nilivaa baibui, nikafunga nikabu juu ya barakoa, nikatoka getini kama mtu aliyekuja kutazama mgonjwa.

Habari ya safari ile ndiyo niliyokuwa nikiikimbia, kwa hiyo nitaiandika haraka. Nilipanda basi la Tanga, nikakaa kiti cha nyuma kabisa nikafungua dirisha, watu wakanung'unika vumbi, sikulifunga. Njiani akapanda mama mmoja ana mtoto mchanga na mizigo mingi. Akanigeukia, "Dada, nishikie mwanangu kidogo nipange hivi vitu."

"Siwezi," nikamwambia.

"Dakika moja tu, jamani."

"Siwezi."

Akanitazama. Akamwambia jirani yake kwa sauti ya kusikika, "Watu wengine roho zao Mungu ndiye anayezijua." Niligeuzia uso dirishani mpaka Tanga. Hadi leo nikiona mtoto wa umri ambao yule angekuwa nao sasa, najiuliza. Sijawahi kupata jibu, na sitalipata.

Tanga nikapanda gari la Pangani. Kwenye kivuko nilisimama mwisho kabisa, upande ambao upepo ulichukua pumzi yangu ukaipeleka mtoni. Nilipofika Bweni jua lilikuwa limeshalegea. Nikapita nyuma ya nyumba za watu nisisalimiwe. Nikaja mpaka mlangoni kwetu.

Wewe una kumbukumbu yako ya siku ile. Ulikuwa kidato cha tatu, tumegombana sijui kwa jambo gani, ukanitupia: "Wewe ulikuja Bweni ukala wali, ukanywa maji, ukaenda zako. Hata kunishika hukunishika." Nilikuacha uamini hivyo, kwa sababu maneno yote yalikuwa kweli. Sasa sikiliza yaliyobaki.

Ulikuwa uani unachezea vifuu. Bibi yako aliniona kwanza, kupitia dirisha la jikoni. Kabla sijafika alitoka akakunyakua mkono, akakuingiza ndani, nikasikia komeo. Bibi yako alikuwa hajui kusoma barua ya daktari niliyomwachia, lakini alikuwa ameisomewa, na alikuwa ameielewa kuliko mimi.

"Mama, ni mimi. Fungua."

Akasema kutoka ndani, "Wamekuruhusu?"

"Fungua kwanza, mama."

"Sijakuuliza hilo. Nimekuuliza, wamekuruhusu?"

"Simu haipatikani wiki nzima. Nimejua mwanangu amekufa."

"Simu imetumbukia kisimani. Mtoto mzima."

"Nataka kumwona."

"Utamwona. Rudi nyuma mpaka kwenye kamba ya nguo."

Wewe ulikuwa unalia ndani. "Bibi, ni mama! Mfungulie, ni mama!" Nikasikia unapiga mlango kwa viganja. Na mimi nikaanza kuupiga kwa nje. Tulikuwa tunaupiga mlango mmoja, mimi na wewe, na bibi yako ameuegemea katikati. Nilimwambia mama yangu neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Mtoto hamwambii mzazi neno lile. Akasema kwa sauti ya taratibu kabisa, "Nitukane, mwanangu. Ukipona utaniomba radhi."

Nikarudi nyuma mpaka kwenye kamba.

Akakuinua dirishani, nyuma ya nondo. Ulikuwa umenenepa. Una kamasi, una gauni la njano ambalo sikulishona mimi. "Muone," akasema. "Mikono miwili, miguu miwili. Leo ameshakula mara tatu, na bado anadai." Ulinyoosha mikono nje ya nondo ukisema nichukue, nichukue. Nasra, kati yangu na wewe palikuwa na hatua ambazo mtoto angezivuka kwa kukimbia. Mwili wangu wote ulikuwa unataka kuzivuka. Nilishika kamba ya nguo kwa mikono miwili kama mtu anayeshuka kisimani.

Bibi yako akafungua mlango wa nyuma, akaweka sahani ya wali wa nazi na samaki kwenye ngazi pamoja na kopo la maji, akafunga. Nilikula kwa sababu alinitazama mpaka nikala. Uliuliza, "Mama, mbona unakula nje?" Nikasema, "Nina haraka." Hilo ndilo neno pekee nililokuambia siku ile. Kisha nikaondoka nikiwa bado na tonge mkononi, maana ningekaa kidogo tu ningevunja mlango.

Niliporudi hospitali sikugombezwa. Muuguzi alinipa vidonge nilivyoruka, akasimama mpaka nikameza. Bi Zuwena alikuwa barazani.

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Na karata zilikwambia nini?"

Nilishtuka. Sikuwa nimemwambia mtu.

"Nakusikia kupitia ukuta," akasema. "Unapanga, unalia, unapanga. Yale ni makaratasi, mwanangu. Hayakujui weye wala mwanao. Weye ndo ulokuwa ukiuliza na weye ndo ulokuwa ukijijibu. Ungewauliza kunguru wangekwambia yayo hayo."

Nikamwambia nitazitupa. Akasema la, usizitupe, maana hofu itatafuta kitu kingine cha kukiuliza: itauliza ndoto, itauliza mlio wa paka. Bora uzishike karata uzifundishe adabu. Akanifundisha kwamba kabla sijaweka ya kwanza, niseme kwa sauti, "Siulizi kitu." Na nikimaliza, zikifunga zisifunge, nizikusanye na nisiseme neno.

"Sasa kama siulizi kitu, nacheza kwa ajili ya nini?"

"Mikono ipate kazi," akasema, "roho ikae kitako."

Wiki za kwanza nilisema "siulizi kitu" huku nauliza. Nilikuwa mwongo kwa karata. Ilichukua muda mrefu mpaka siku moja nikacheza mchezo mzima, ukakwama, nikazikusanya, nikaenda kuoga, na nilipokuwa najifuta maji ndipo nikagundua kwamba sikukufikiria umekufa.

Bi Zuwena alipona kabla yangu. Wengi walipokuwa wakiondoka pale walikuwa wanaondoka kwa kubebwa. Yeye aliondoka kwa miguu yake, amevaa kanga mpya, anapiga kelele. Nilimwomba aniachie kijimeza chake kama ukumbusho. Akasema, "Ushakuwa mtu mzima, tafuta chako." Usiku ule chumba cha jirani kilikuwa kimya na mimi niliogopa kuliko siku zote. Nilidhani mtu akikuachia ujasiri wake unabaki nao. Haubaki. Unautengeneza upya kila siku, kama uji.

Nami nikapona. Siku ya kutoka vitu vyangu vya karatasi vilichomwa, pamoja na karata zote. Nilikwenda moja kwa moja Bweni nikapiga magoti mbele ya bibi yako. Alikuwa anakuna nazi. Alisema, "Nimeshakusamehe siku ile ile, simama, unaniziba mwanga." Wewe ulijificha nyuma yake. Ilikuchukua siku nyingi kunijia. Sikukulazimisha. Nilikaa kwenye mkeka ule ule kila siku nikashona, mpaka mchana mmoja ukaja ukalaza kichwa mapajani kwangu bila kusema kitu, nikaacha sindano katikati ya mshono.

Sasa nikuambie kwa nini nimeandika yote haya usiku huu badala ya kukuombea dua tu.

Unakwenda kwenye meli ambayo mwanamke ni wewe peke yako. Chumba chako peke yako, zamu yako chini kwenye injini, na siku nyingi hakuna mtandao. Ukisema "nitapiga nikifika bandarini," mimi nasikia kisima. Nimeshaanza, Nasra. Leo asubuhi uzi ulikatika mara mbili mfululizo nikaacha kushona. Jana nilimwomba mjomba wako Hemedi aje akukataze kwenda. Akaja, akala tende zangu, akakuombea safari njema, akaondoka. Nilimkasirikia mpaka Isha. Aliyetaka kukuzuia ni mimi, nikamtuma yeye kwa kuwa nilijua sina haki.

Kwa hiyo najua utakuja usiku ambao wewe nawe utaogopa. Labda bahari itakuwa mbaya. Labda mtu kule atakutazama vibaya. Labda haitakuwa na sababu yoyote, hofu nyingine huja hivyo hivyo, kama mvua ya bila mawingu. Usije ukaanza kuuliza vitu. Usiseme taa ikizimika mara hii basi mama hajambo, mlio wa injini ukibadilika basi kuna baya nyumbani. Ukijikuta unafanya hivyo usijione mwehu, umerithi. Panga karata. Sema kwa sauti, hata kama chumba cha pili watakusikia, siulizi kitu.

Na ukigongewa usiku na mtu asiyesema shida yake, usifungue. Akikuita mwenye kiburi, akikuita mshamba wa Tanga, mwache aite. Usione haya kumwacha mtu nje. Mimi nimewahi kuachwa nje na mtu aliyenipenda kuliko wote, na ndiyo sababu wewe una mapafu mawili mazima leo. Mwenye nia njema na wewe atasubiri asubuhi.

Mara nyingi mchezo hautafunga. Nisikudanganye, mara nyingi sana. Utafanya kila kitu sawasawa, hutachungulia, hutaharakisha, na bado ree unayoitaka itakuwa imelala chini ya safu ambayo haifunguki. Nilikuwa nikidhani pale ndipo penye funzo. Sasa nadhani hapana funzo pale. Ni karata zilivyotoka tu. Unazikusanya, unakwenda zamu.

Mimi nitajitahidi upande wangu. Sikuahidi kwamba sitaogopa, hiyo ahadi hata bibi yako asingeitoa. Nakuahidi kwamba ukikaa kimya sitapiga simu ofisini kwao nikilia, wala sitakwenda kwa mtu yeyote kumuuliza nyota yako. Ukipata mtandao, nitumie neno moja tu, hata "nipo". Usijisumbue kuandika marefu ukiwa umechoka.

Nimesikia geti. Umerudi, unacheka na mama yako mdogo, mmebeba sufuria la biriani mlilopewa. Sitakupa barua hii leo. Nitaitia chini ya begi, katikati ya suruali zako za kazi, uikute mkiwa mmeshaondoka bandarini na huwezi tena kurudi kunikumbatia.

Alfajiri nitakuamsha mimi. Nitakukaangia mayai, nitagombana na wewe kuhusu sweta, kisha tutakwenda stendi ya Kange, ukapande basi la kwenda ilipo meli yako. Nitakuwa naogopa njia nzima, mwanangu, kutoka mlangoni mpaka kwenye ngazi ya basi, na begi lako nitalibeba mimi.

Mama yako